Daftari la Zamu

Mimi ndiye katibu, kwa sababu tu mwandiko wangu unasomeka.
Jumanne na Ijumaa, kabla jua halijapanda mawe ya Igombe,
naita majina. Kwandu, yupo. Lugembe, yupo.
Mbuke kachelewa, mtoto ana homa.
Ekari tatu za watu thelathini na mmoja.
Kamba ya kupimia matuta tuliikata kwenye nyavu kuukuu,
bado ina magamba ya sangara, bado inanuka ziwa.

Mwaka ule wa ukame
marando yalikauka hata kwenye majaruba.
Majembe tulikuwa nayo, mikono tulikuwa nayo,
ardhi ilitukodolea macho;
mbegu hatukuwa nazo.
Ila kule chini, matete yanapoanza,
palikuwa na kijani kidogo, upana wa mikeka miwili.
Kila mtu alikiona
na hakuna aliyesema amekiona,
maana kilikuwa cha Nyanzobe.

Nyanzobe wa macho mekundu.
Miaka arobaini ya kupuliza moto wa samadi
(kuni kwetu ziliisha zamani, hilo tunalijua sote)
lakini mtoto wa Masunga alipofariki
hatukukumbuka moshi.
Tulikumbuka macho.
Hakuna aliyempiga: hilo huwa tunalisema haraka mno.
Tulimpisha tu njia. Kisimani
ndoo zilisogea. Dukani chenji yake
iliwekwa juu ya kaunta, si kiganjani.
Miaka sita, juu ya kaunta.

Nikatumwa mimi, kwa kuwa ndiye katibu.
Nilivaa shati la kanisani, sijui kwa nini.
Maneno nilikuwa nimeyapanga:
kikundi kinaomba, kikundi kitalipa, mzigo kwa elfu tatu.
Alikuwa akimwagilia kwa kopo la rangi
lililotobolewa kwa msumari.
"Siuzi," alisema.
Nikageuka.
"Sijamaliza. Siuzi. Nitayaleta mwenyewe.
Tuta langu nitalilima mwenyewe.
Na wewe, mwandishi, utaniandika."

Ijumaa akaja, mzigo kichwani,
marando yakimchuruzikia maji shingoni.
Hakuna aliyehutubia. Mwenyekiti alikohoa.
Akakata vipande vya shibiri moja moja,
akatuonyesha: vifundo vitatu ndani, viwili nje,
laza, usisimamishe, bonyeza kwa kisigino.
Tukabonyeza.
Masunga alikuwa mwisho wa kamba, upande wa barabara.
Zamu yake ya kupokea ilipofika
alisimama muda ambao ningeweza kuita
majina yote thelathini na moja, wagonjwa pamoja nao,
kisha akanyoosha mkono.

Sisemi yaliisha. Mke wa Masunga hadi leo
huchagua ngwe ya mbali. Wapo wanaotema mate.
Na mimi, nilipofungua daftari siku ile,
kalamu ilikwama: jina la baba yake sikulijua.
Mtu niliyemkwepa kwa ustadi miaka sita,
sikujua ni binti wa nani.
Nikamuuliza mbele ya wote.
Akajifuta udongo kwenye kitenge
akalitamka polepole, kama anayenihesabia hela:
Shigela.

Sasa ni kiangazi. Michembe imeanikwa juu ya mawe,
ukiwa ziwani utadhani korongo wametua.
Jana Nyanzobe Shigela alichelewa.
Nikaandika: kachelewa. Faini mia tano,
kama Mbuke, kama Lugembe, kama mimi mwezi uliopita.
Alibisha. Alisema saa yangu ni mbovu,
alisema katibu mwenyewe huja na tongotongo,
watu wakacheka, naye akacheka, akafungua pindo la kitenge.
Alikuwa na noti ya elfu.
Nikamrudishia mia tano
mkononi.